Mzee wa Marisau Anajibu: Mtutu Mmoja

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na bunduki za aina moja: mtutu mmoja, risasi moja, ukikosa umekosa. Nimechagua nne. Waliouliza wapi pa kununua bila kupita polisi siwajibu, na wasiniandikie tena.

Shikamoo Mzee. Baba yetu alifariki mwaka jana akaacha bunduki ya mtutu mmoja aliyokuwa akiwindia kanga tangu tukiwa wadogo. Sasa ipo polisi huku nikishughulikia leseni kwa jina langu. Haivunjiki katikati kama nyingine; ina wenzo kwa chini, nyuma ya kifyatuo, na imeandikwa W. W. Greener, Birmingham. Mdogo wangu anasema tusihangaike na chuma cha kale, tuombe leseni ya bunduki ya kupampu inayobeba risasi tano. Wewe unaonaje?
*Msomaji, Songea*

Marahaba, na poleni kwa msiba. Mmefanya la maana kuipeleka polisi kwanza. Bunduki hairithiwi kama shamba. Mwenye leseni akifariki leseni yake imekwisha, na mrithi anaomba ya kwake. Nimeona nyumba za watu waungwana zikiingia matatani kwa sababu ya bunduki ya marehemu iliyosahauliwa uvunguni.

Mliyo nayo, kwa maelezo yako, ni Greener GP, na herufi hizo mbili kwa Kiingereza zina maana ya kazi zote. Ukisukuma wenzo chini, kizibo cha chuma kilichoshikwa kwa nyuma kinainamisha pua yake, ganda linatoka, na hapo hapo bunduki imejikoki kwa ndani. Ukirudisha wenzo juu umefunga. Mtambo huu ulianza na Mmarekani aitwaye Peabody mwaka 1862, Martini wa Uswisi akaurekebisha, na kuanzia 1871 jeshi la Uingereza likaubeba kwenye bunduki zake za Martini-Henry. Greener wakaufungia mtutu wa marisau, zile punje ndogo zinazotoka nyingi kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo baba yenu alikuwa akipiga kanga kwa mtambo uliobuniwa kwa ajili ya vita, na ndiyo maana haujalegea mpaka leo.

Kuna kisa chake kimoja nakipenda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Greener waliwatengenezea polisi wa Misri toleo lao la bunduki hii. Risasi yake ilikuwa na umbo la chupa na haikuuzwa madukani, ili bunduki ikiibwa isimfae mwizi. Wajanja wakagundua kwamba risasi ya kawaida ya geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) ukiizungushia karatasi inakaa. Greener wakarudi mezani, wakatoa toleo lenye pini ya kugongea ya meno matatu, na risasi yenye mfereji kuizunguka fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Ukitia risasi ya kawaida, meno ya pembeni yanagonga kitako chake kabla la katikati halijafika kwenye fataki, na bunduki inakaa kimya. Kazi yote hiyo kwa ajili ya bunduki ya mtutu mmoja! Mwonyeshe mdogo wako sehemu hii.

Tuje kwenye risasi zake tano. Nilianza uaskari wa wanyamapori nikiwa na miaka 22, kituo changu cha kwanza kikiwa upande wa Sikonge, mkoa wa Tabora. Kazi kubwa ilikuwa kulinda mahindi na mihogo ya watu dhidi ya nyani na nguruwe. Bunduki ya kituo ilikuwa ya mtutu mmoja, geji 12, yenye nyundo ya nje, na kitako chake kilikuwa kimefungwa kwa waya wa shaba mahali kilipopasuka. Kila risasi ilitolewa kwa saini, na kila ganda lilirudishwa. Mwezi wa kwanza nilimpiga nyani dume mara tatu kwenye ukingo wa shamba moja, nikamkosa mara zote tatu. Jioni nikaweka maganda matatu mezani. Bosi wangu akafungua daftari, akalisoma taratibu kama mtu anayetafuta kitu: tarehe, kijiji, mnyama, risasi, ganda. Akaniuliza, "Safu ya kukosa iko wapi?" Hakuna. Basi nikaandikishwa barua ya maelezo kwa kila ganda, barua tatu, kwa mkono, nakala mbili mbili.

Nilichojifunza baada ya hapo ni hatua. Nikifika shambani, jambo la kwanza lilikuwa kutembea kutoka mahali nitakapokaa mpaka mahali mnyama atakapotokea, nikihesabu. Hatua 25, ninaweka jiwe. Akija nje ya jiwe simgusi. Mitutu mingi ya bunduki hizi rahisi imebanwa mdomoni, kile mafundi wanachokiita choki. Choki kamili ya geji 12 inapunguza upana wa mdomo kwa karibu milimita 1 tu, lakini kipimo kinachotajwa ni kwamba katika yadi 40, yaani mita 36 na ushei, asilimia 70 ya marisau yanabaki ndani ya duara la sentimita 76. Ni kipimo kizuri ukiwa kwenye uwanja wa shabaha. Kwa kijana mwenye mapigo ya moyo masikioni, usiku wa manane, nguruwe akiwa anatafuna mhogo huku anatembea, mimi nasema hatua 25, na nikiwa na mashaka 20.

Wapo nguruwe niliowaacha wakaenda zao. Mwenye shamba mmoja alinitukana waziwazi, akasema nimekuja kula ugali wake tu. Usiku wa tatu nguruwe yule yule, au ndugu yake, akasimama ubavu ndani ya jiwe langu. Ganda moja, mnyama mmoja, daftari likafungwa. Miaka mingi baadaye nilikabidhiwa bunduki ya kupampu ya risasi tano, na nikajikuta napiga risasi ya kwanza mapema kwa sababu nilijua nyuma yake ipo ya pili. Ya pili nayo huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hata hivyo sitaki mdogo wako aseme Mzee amemdanganya. Mlinzi wa ghala anahitaji hiyo ya tano. Na mkisikia kuna nyati mjeruhi kwenye kichaka, msimsogelee na Greener hata kama mnazo kumi; huyo ni wa bunduki nyingine na watu wengine. Lakini kama nia yenu ni ile ya baba yenu, kanga na kwale kwa kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya, sioni mtakachoongeza kwa kupampu.

Kabla hamjaipiga, ipelekeni kwa fundi mwenye leseni, na ninyi wenyewe mtazame mambo haya. Tafuteni mihuri karibu na chumba cha risasi. Taji lenye herufi NP chini yake lina maana mtutu ulijaribiwa Uingereza kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Tafuteni pia urefu wa chumba, ambao huandikwa kwa inchi: 2½ (milimita 65) au 2¾ (milimita 70). Hapa wengi wamepotea. Risasi ya milimita 70 inaingia vizuri kabisa kwenye chumba cha 65, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukiipiga, mdomo unakunjuka, unakosa nafasi, unaziba njia, na shinikizo linapanda. Bunduki haitakuambia mpaka siku itakapokuambia.

Halafu funga macho, pitisha vidole kwenye mtutu wote kuanzia nyuma hadi mdomoni, taratibu. Ukihisi tuta linalozunguka kama pete, mtutu umevimba. Niliwahi kuruka kijito nikaegemea bunduki, mdomo ukachota tope kidogo, nikafuta kwa nje nikaona yametosha. Nilipopiga, mtutu ulivimba kiganja kimoja kutoka mdomoni. Haukupasuka. Barua ya maelezo ya siku ile ilikuwa kurasa nne.

Mzee, huku kwetu Kongo bunduki hizi tunaziita kalibre 12. Hiyo 12 ni ya nini? Si milimita, si sentimita. Na kwa nini risasi za kalibre 20 ni za rangi ya manjano?
*Kijana wa Kalemie*

Ni ya ratili. Chukua ratili moja ya risasi, hii metali yenyewe, uigawe kwa vitufe 12 vya duara vilivyo sawa. Mtutu unaoingiza kimoja cha vitufe hivyo barabara ndio wa 12, kama milimita 18.5. Ukigawa kwa 20, kila kitufe kinakuwa kidogo, na mtutu nao. Ndiyo sababu nambari inapanda na tundu linapungua, jambo linalowachanganya watu kila siku. Ya 410 pekee haifuati hesabu hiyo. Yenyewe imepimwa kwa inchi, nukta 410, yaani milimita 10.4.

Manjano ni kwa ajili ya roho za watu. Risasi ya 20 ukiitia kwenye bunduki ya 12 haikai chumbani. Inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, usipoiona. Mtu anafungua, anaona chumba kitupu, anatia ya 12, anapiga. Mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono wa kushoto.

Mimi nimebakiza kidogo tu. Kulikuwa na padri Mmarekani upande wa Shinyanga, mtu wa kanga kila Jumamosi, mwenye Winchester ya mtutu mmoja geji 20. Tulikwenda pamoja, tukaweka risasi kwenye mfuko mmoja wa turubai kwa sababu ndio uliokuwepo. Alfajiri, giza bado, nikatia risasi nikasikia sauti ya kuteleza badala ya kile kigongo kidogo ninachokijua. Nikageuza mtutu juu chini, ikadondoka mchangani, njano. Padri alifanya ishara ya msalaba. Tangu siku hiyo mfuko wangu hauingii risasi ya mtu mwingine, hata awe askofu.

Salamu kutoka Columbus, Ohio. Jirani yangu mzee anahamia kwa binti yake na amenipa Winchester Model 37, geji 16. Nimetafuta namba yake kila mahali, sijaiona. Kwetu Tanga bunduki isiyo na namba ni kesi. Nimeifunga kabatini na usingizi sina. Je, niirudishe? Na kama ni halali, itafaa kwa kindi?
*Mtu wa Tanga, ughaibuni*

Lala usingizi, lakini baada ya kutazama mambo mawili.

La kwanza ni bunduki yenyewe. Model 37 ilitengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963, zaidi ya milioni moja, na kiwanda hakikuzipa namba. Sheria ya Marekani iliyolazimisha kila bunduki kupigwa namba ni ya mwaka 1968, wakati hizi tayari zilikuwa majumbani. Kwa hiyo kukosa namba ni kuzaliwa kwake. Ila angalia chuma kwa taa: ukiona mahali palipokwanguliwa au kupigwa tupa, hapo ni suala jingine, maana kufuta namba na kutokuwa nayo tangu mwanzo ni vitu viwili mbele ya sheria. Yako imeandikwa jina la modeli na geji kwenye mtutu, na pengine neno FULL, ambalo ni ile choki niliyomweleza ndugu wa Songea.

La pili ni wewe. Hujasema uko huko kwa karatasi gani. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa njia chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hilo muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa tena, na usimuulize mwenzako wa kazini. Nimekuwa upande wa askari maisha yangu yote, najua jinsi jambo dogo la bunduki linavyoharibu jalada zima la mtu.

Mambo yakiwa sawa, chukua mafunzo ya uwindaji ambayo Ohio inawataka wageni wa fani, kata leseni, na msimu wa kindi ukifunguka Septemba nenda. Itafaa sana. Kindi anakaa juu ya mti anakutukana, anakuzungukia shina, na wewe huna la kufanya ila kukaa chini ukasubiri asahau. Bunduki ya mtutu mmoja na kindi ni kama ziliposwa. Risasi za geji 16 zipo ila hazijazagaa kama za 12 na 20. Ukizikuta, nunua kasha mbili.

Nyundo ya 37 ni fupi na hukokiwa kwa dole gumba. Vidole vikiwa na baridi au glavu inaponyoka. Tembea chumba kikiwa kitupu, risasi mfukoni. Tia risasi ukishakaa mahali pako, na usikoki mpaka kindi ameonekana wote na nyuma yake hakuna nyumba ya mtu.

Utakutana na vijana watakaokucheka. Waambie hata wanaowinda bata mzinga mwitu siku hizi wamerudi kwenye mtutu mmoja, tena wa 410, ambao zamani ulikuwa wa watoto. Kilichowarudisha ni marisau ya tangsteni. Uzito wake ni kama gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati marisau ya kawaida ya madini ya risasi ni 11 na kidogo, kwa hiyo punje ndogo inafika mbali na bado inapenya. Bei yake sikuambii, kaa chini kwanza halafu uende dukani.

Na umshukuru jirani kwa kitu. Mzee anayetoa bunduki yake ya kindi amekubali kwamba hapandi tena mlima.

Mzee, mimi ni mke wa mtu, Minneapolis. Mume wangu amenunua bunduki ya nne ya mtutu mmoja kwenye mnada. Hawindi! Zote zinafanana, zote zina kutu, na moja imeandikwa jina la duka badala ya kiwanda. Anasema anakusanya. Kuna mtu anakusanya bunduki za kimaskini?
*Mama wa watatu*

Wapo, mama, na mumeo amejikuta kwenye kundi kubwa. Bunduki za tajiri zilikaa kwenye makasha yenye kitambaa cha bluu. Hizi zilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye trekta, ghalani. Zilinunuliwa kwa katalogi pamoja na jembe na cherehani. Ile yenye jina la duka huenda ndiyo yenye hadithi kuliko zote. Maduka makubwa kama Sears na Montgomery Ward yaliagiza bunduki kwa viwanda kama Stevens, yakapiga majina yao. Sears walitumia jina J.C. Higgins, na Higgins alikuwa mfanyakazi wao halisi wa ofisini. Montgomery Ward walitumia Western Field. Kazi ya mkusanyaji ni kufunua nani hasa aliitengeneza, kwa kutazama skrubu, umbo la nyundo, jinsi wenzo unavyokaa. Ni upelelezi, na hauna gharama ya mpira wa gofu.

Kama mojawapo imeandikwa Iver Johnson, hao walikuwa Fitchburg, Massachusetts, na walitengeneza baiskeli pia. Kama ni Harrington & Richardson, kampuni ya tangu 1871, ya kwanza ilifungwa 1986, jina likafufuliwa, na mwaka 2015 utengenezaji wa bunduki zao za mtutu mmoja ukasimamishwa. Baada ya hapo watu waliokuwa wakizidharau wakaanza kuzitafuta. Henry, wanaojulikana kwa bunduki za wenzo, wakaleta yao ya mtutu mmoja mwaka 2017. Kitu kikifa mara mbili na bado kuna anayekitengeneza upya, ujue kina wenyewe.

Na si zote za kimaskini. Kuna mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa mbele yako, kimoja kwa kila zamu. Risasi ya pili hairuhusiwi, kwa hiyo mtutu wa pili ni mzigo tu. Browning walianza kutengeneza yao ya mchezo huo, BT-99, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Ljutic na Perazzi wametoa za bei ya gari. Usimwonyeshe mumeo sentensi hiyo.

Ninachokuomba ni kwamba zote nne zifungiwe kwenye kabati la chuma, risasi zikae kabati jingine, na funguo zisikae mahali ambapo wale watatu wanapajua. Kutu isiondolewe kwa msasa. Mafuta na kitambaa tu, mkusanyaji akikuta msasa analia.

Halafu siku akiwa kazini, chukua taa, soma maandishi ya kwenye mitutu. Ukikuta Winchester 37, angalia kama herufi za jina kwa chini zina rangi nyekundu ndani yake. Hizo ni za mwanzo na zina watu wake. Kisha soma geji. Model 37 ilitoka kwa 12, 16, 20, 28 na 410, na ya 28 ndiyo adimu kuliko zote. Ikiwa ni 28, usiseme neno na usiiuze kwa mtu yeyote anayekuja mlangoni akitabasamu. Niandikie kwanza.